Mwanya wa Yeside

Mwaka ule mahindi yalikuwa matamu, na mjukuu wangu Yeside alikuwa akiyala kwa vidole. Watoto wenzake pale barazani walikuwa wakiling'ata gunzi toka mwanzo hadi mwisho kama cherehani, yeye anapukuchua punje moja moja, anaitupia mdomoni kwa pembeni na kuitafuna kwa magego. Siku ya kwanza nilidhani mahindi yamemchoma. Siku ya pili nikampa yaliyopoa, pamoja na kipande cha nazi cha kusindikizia, kama tunavyokula hapa Ibadan. Akapukuchua vilevile, na nazi akaivunjavunja kwa jiwe kwanza.

"Ng'ata, mjukuu wangu. Mahindi hayana mifupa."

"Nikibana huku mbele kunauma, Bibi."

"Kunauma wapi? Nionyeshe."

Akaweka kidole, si kwenye jino, bali juu yake, kwenye ufizi chini ya pua.

Nikamvuta kwenye mwanga, nikamwinua mdomo kwa kidole gumba. Mwanya wake ulikuwa umepanuka. Zamani ungeweza kupenyeza punje ya mchele, sasa punje ya hindi ingekaa na kulala usingizi. Jino la kushoto lilikuwa limegeuka kidogo, kama mlango ulioachwa nusu wazi. Na meno ya jirani yake, yale ambayo watoto wa rika lake tayari wanayo, hayakuwapo kabisa. Nikaushusha mdomo polepole.

Maana mwanya ule haukuwa wa mtu mmoja. Mama mzaa baba wa Yeside alikuwa muuza vitambaa vya kufumwa soko la Oje, na mwanya wake ulijulikana kuliko vitambaa vyake. Wateja walikuwa wakimchekesha makusudi ili wauone. Alifariki msimu wa mvua, Morenike binti yangu akiwa mjamzito, na mvua hazijakatika vizuri akazaliwa mtoto wa kike. Kwetu mtoto wa namna hiyo haitwi jina lolote tu. Akaitwa Yeside, yaani mama amekuja, maana tunaamini bibi aliyekufa amerudi kupitia mtoto. Toka siku hiyo Gbadebo, baba yake, anamwita Mama. Na dada mkubwa wa Gbadebo, Abeke, mwanamke mnene mwenye duka la lesi na kilemba kisichopita mlango bila kuinamishwa, kila akija anapiga magoti mbele ya mtoto. "Umeamkaje, Mama yangu?" Na Yeside, enzi hizo amekaa kwenye poti, anaitikia, "Salama, mwanangu."

Tulikuwa tukicheka, lakini haukuwa mzaha. Meno ya ukubwa yalipoota na mwanya katikati, Abeke alipika amala, ule ugali wetu wa viazi vikuu, ya mtaa mzima, akasimama na mwiko mkononi na kuuliza, "Mwanya ndio shahidi. Nani bado anabisha?"

Tukala tukashiba.

Basi nilipomwambia Morenike tumpeleke mtoto kwa daktari wa meno, alinitazama kama nimesema tumpeleke polisi.

"Mama, meno yake mbona mazuri? Kila mtu anayasifia."

"Wanaoyasifia hawali kwa mdomo huo."

Hospitali tulimkuta Daktari Fatusin, mwanamke mwembamba mwenye mikono midogo, kazi yake ni kupanga meno ya watoto. Alimkalisha Yeside kwenye kile kiti kirefu, akamwambia afumbe na kuachama, afumbe na kuachama, huku anachungulia kwa kioo kidogo. Akabonyeza ufizi pale juu. Yeside akaruka.

"Ana miaka mingapi?"

"Minane inaingia," akasema Morenike.

"Miaka saba ndiyo wakati wa kuletwa, hata kama hakuna kinachouma. Meno ya utoto na ya ukubwa yanakuwa bado yanapishana mlangoni, nami naona nani anamzuia nani. Lakini hamjachelewa sana. Nendeni mkapige picha."

Picha ya eksirei akaibandika kwenye kioo chenye taa. Nikavaa miwani yangu. Nikayaona meno mawili ya mbele na mizizi yake mirefu, na katikati ya mizizi, ndani kabisa ya mfupa, kitu kama punje ya kunde, ncha yake imeelekea juu puani.

"Hilo ni jino la ziada," akasema daktari. "Limekaa kichwa chini miguu juu, haliwezi kutoka. Linasukuma tu. Huu mwanya hakuurithi, mama. Umesukumwa. Na tazameni hapa." Akaweka ncha ya kalamu kwenye mzizi wa jino la kushoto, penye ukungu. "Mzizi umeanza kulika. Tukilitoa sasa, kulika kutakoma, na meno mengine yatapata njia ya kushuka. Tukisubiri, jino hili la mbele litalegea, na likilegea sina dawa."

"Na mwanya?" Morenike aliuliza kwa sauti ya chini.

"Utajifunga. Pengine wote, pengine nusu. Ukibaki vibaya nitauvuta kwa waya mwembamba akiwa mkubwa kidogo."

Daktari akavua glavu.

"Najua mnachofikiria, na mimi nimezaliwa hapahapa. Kuna watu wazima wanakuja wakiniomba niwachongee mwanya. Huu ungekuwa mwanya wa kawaida ningeuamkia na kuuacha. Si wa kawaida."

Gbadebo anaendesha lori la mafuta, siku nyingi yuko njia ya kaskazini. Kwenye simu alisema, "Fanyeni, afya kwanza." Jioni akapiga tena, sauti imebadilika. Dada yake alikuwa ameshampigia. "Mtakavyoelewana na Dada," akasema, na mtandao ukakatika, au aliukata.

Morenike akatupa simu kitandani. "Mama, huko si kuamua, ni kukimbia!"

Abeke alikuja mwenyewe kesho yake. Hakukaa.

"Mama Morenike, mimi nakuheshimu, unajua. Lakini mdomo ule ni wa mama yangu. Nimemzika mara moja. Mnataka nimzike tena?"

"Na maumivu ni ya nani, Abeke?"

"Watoto wote meno yanawauma. Mimi ya kwangu yaliniuma mpaka nikaolewa. Mke wetu," akamgeukia binti yangu, "ulipoingia nyumba hii ulikuta mama ana mwanya. Hukuuleta wewe. Usiuondoe wewe."

Morenike alikuwa amepiga magoti, kama inavyopasa mke mbele ya dada wa mumewe. Nilimwona akikunja upindo wa kitenge chake na kuukunjua, akikunja na kuukunjua. Abeke alipoondoka ndipo akainuka. "Fomu ya upasuaji nitamsainia mimi," akasema. "Hata wakinifukuza."

Hatukumwambia mtu siku ya upasuaji. Daktari wa kuwalaza watoto kwa nusukaputi alikuwa akija pale Alhamisi tu, na watu walikuwa wameshaanza kunong'ona habari za mgomo. Tuliamka na giza. Yeside hakula kitu toka usiku, hata maji, maana walituonya kwamba tumbo la mtu wa kulazwa lazima liwe tupu. Nilimsuka mabutu mawili ya kulala chini ili kofia ya thieta imkae.

Kwenye benchi la nje ya thieta tulikaa watatu. Nesi mwenye kofia ya kijani akatoa kichwa mlangoni.

"Yeside ndiye anayefuata. Hajala?"

"Hajala."

"Hata kijiko? Hata peremende?"

"Hata mate tumemwambia ayameze kidogokidogo," nikasema. Hakucheka. Akafunga mlango.

Hapo ndipo niliposikia viatu. Mwendo wa Abeke unaujua kabla hujamwona, kisigino kinapiga, pumzi inafuata. Alikuwa amevaa lesi ya bluu kama wa kwenda arusini, na mkononi ana furushi la gazeti lililolowa mafuta. Harufu ilimtangulia. Akara za moto, yale maandazi ya kunde, za vitunguu vingi, zile Yeside anazozipenda kuliko nyama.

Morenike akanigeukia. "Nani kamwambia?"

Yeside akainamisha uso. "Mimi," akasema. "Jana nilimpigia kwa simu yako. Nilikuwa naogopa."

Abeke akaja moja kwa moja, akapiga magoti kwenye sakafu ile baridi, lesi na yote.

"Umeamkaje, Mama yangu? Wamekunyima chakula? Tazama macho yalivyoingia ndani. Nimekuletea. Kula, twende zetu."

Akafungua gazeti. Akachagua akara moja nene, akaipuliza, akamwekea mtoto kiganjani.

Mlango ukafunguka. "Wewe mama! Asile!" Nesi alipiga kelele hadi wagonjwa wa benchi la pili wakasimama. "Akila hata tonge moja namfuta! Nina mtoto mwingine hapa anasubiri nafasi!"

"Mfute," akasema Abeke bila kugeuka. "Kula, Mama yangu."

Yeside alikuwa ameishika akara kwa mikono miwili. Vidole viling'aa mafuta. Tumbo lake lilinguruma, tulilisikia sote. Morenike alisimama, akainua mkono, mkono ukabaki hewani. Hata pale, hata kwa mwanawe mwenyewe, hakuweza kupokonya kitu kilichotolewa na dada wa mumewe. Nami ningeweza, nilikuwa karibu. Lakini niliona kwamba nikimpokonya, mtoto atakimbilia kwa shangazi yake, na Abeke atambeba, na tutagombana kwenye ukumbi ule mpaka Alhamisi iishe.

Nikaweka mkono begani kwa Abeke.

"Mwanangu, hapo umempigia magoti nani?"

"Unamwona. Mama yangu."

"Kweli, au ni mzaha tu wa kusalimiana?"

Akanikazia macho. "Mama Morenike, usinichezee kwa jambo hili."

"Sichezi. Mama yako angekuwa hai, amekaa kwenye benchi hili, kinywa kinamuuma, wewe Abeke ungemwamulia? Ungemfungua mdomo umlishe? Au ungemuuliza?"

"Huyu bado mdogo, anajua nini?"

"Basi chagua. Kama ni mtoto, ana mama yake, huyu Morenike, na ameshaamua. Kama ni mama yako, muulize, na atakachosema ukitii. Huwezi kumfanya mama wakati wa kuamkia, halafu mtoto wakati wa kuamua."

Mzee mmoja aliyefungwa kitambaa shavuni akaguna. Abeke akatabasamu. Nikajua kwa nini anatabasamu. Mtoto ana njaa, ana hofu, alimpigia simu kwa mkono wake mwenyewe, na akara iko mkononi. Morenike alinitazama kama mtu aliyeuzwa na mama yake.

"Haya," akasema Abeke. "Mama yangu, sema mwenyewe. Twende nyumbani ukale ushibe, au ubaki hapa hawa wakupasue?"

"Muulize vizuri," nikasema. "Usimtilie maneno."

"Nimeuliza!"

"Jamani," nesi akasema, "thieta iko tupu. Dakika hizi si zangu."

Yeside aliinua akara mpaka puani. Akainusa, macho amefumba. Morenike alishika ukuta. Kisha mtoto akaishusha magotini, akamtazama nesi.

"Nikilala, nitaamka?"

Nesi akatazama nyuma yake, akatutazama sisi, halafu akachuchumaa. "Utaamka. Mimi ndiye ninayeamsha. Nitakuita jina lako sikioni mpaka ufumbue macho, na nina sauti mbaya, umeisikia. Utaamka tu ili ninyamaze."

Mdomo wa Yeside ulicheza, lakini hakucheka. Akamgeukia shangazi yake. Walikuwa uso kwa uso, maana Abeke bado alikuwa magotini.

"Na mwanya ukiondoka," akasema, "utanipigia magoti tena?"

Kilemba cha Abeke kilikuwa kimelegea upande mmoja. Hakukirekebisha.

"Unasemaje?"

"Ukiondoka. Utanijuaje kama ni mimi?"

"Nani kakwambia kwamba naupigia mwanya magoti?"

"Wewe. Ulisema siku ya amala. Ulisema mwanya ndio shahidi."

Ni kweli alisema. Sote tuliokula amala ile tulimsikia. Nesi akasimama, akashika kitasa. "Nahesabu, halafu namwita mwingine," akasema, ila hakuhesabu.

Abeke akamsogelea mtoto kwa magoti. "Ulizaliwa usiku. Walinipa nikushike, umefungwa kwenye khanga ya mama yako. Nikapiga magoti palepale, na mkunga akanicheka. Ulikuwa na meno siku ile?"

Yeside akafikiri. "Sikuwa nayo."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Basi."

Yeside akamrudishia akara kiganjani, akavifumba vidole vya shangazi yake juu yake, kimoja kimoja.

"Nishikie. Na usile."

Akashuka kwenye benchi. Akampita mama yake, akampita nesi, akaingia mwenyewe, na mlango ukajifunga nyuma yake kabla hatujamuaga vizuri. Morenike akatelezea ukutani mpaka chini, akalia kwa mara ya kwanza toka jambo lile lianze. Abeke alibaki pale alipo, magotini, akara mkononi.

Muda ule sitaki kuusimulia mrefu. Watu waliingia na kutoka. Taa ya juu ya mlango ilikuwa ikiwaka. Umeme ukakatika, jenereta likakohoa, likakohoa, nasi tulisimama wote watatu, na kilikuwa kitambo kirefu kabla halijashika. Abeke alianza kusoma Zaburi, akachanganya mistari. Morenike akamsahihisha bila kumwangalia. Wakaendelea kusoma pamoja.

Daktari Fatusin alitoka barakoa ikiwa shingoni. Alikuwa na kipande cha shashi, akakifunua. Ndani kulikuwa na kijino cheupe chenye ncha, kama mwiba wa mchongoma uliovunjika.

"Limetoka zima. Jino la mbele nimelikagua, halijalegea. Mkilitunza, atazeeka nalo." Akamtazama Abeke. "Mwanya utaanza kupungua mwaka huu huu. Sitakudanganya, dada."

"Sikukuuliza," akasema Abeke. Lakini aliipokea ile shashi, akalitazama muda mrefu lile jino lililokuwa limelala katikati ya uso wa mama yake siku zote zile. Nikamsikia akisema polepole, si kwetu, "Na mimi nilipika amala." Machozi yakamshuka, akayaacha yashuke.

Tulipoitwa ndani, Yeside alikuwa ameshaamka, mdomo wa juu umevimba kama mkate, anatokwa na udenda mwekundu. Nesi bado anamwita jina sikioni. Morenike alikimbia kumkumbatia. Mtoto alimwegemea, akanipungia mimi vidole viwili, kisha akamnyooshea shangazi yake mikono.

Kiti cha magurudumu kilikuwa kimoja na kilikwenda na mgonjwa mwingine. "Subirini kidogo," akasema nesi.

Abeke hakusubiri. Alivua kilemba chake cha thamani, akainama, akamwambia Morenike, "Mke wetu, nipandishie." Morenike akampandisha mtoto mgongoni, akazungusha kilemba, akakifunga kwa fundo mbele ya kifua cha wifi yake, akakaza, akavuta kuhakikisha. Yeside ni mrefu. Miguu yake ilining'inia karibu na magoti ya Abeke, na damu ya mdomoni ilichafua lesi ya bluu begani.

Tukatoka hivyo kwenye ukumbi. Magoti ya Abeke yakilia kila hatua, pumzi imemjaa kifuani. Kwenye dirisha la dawa mwanamke mmoja aliyekuwa kwenye foleni akatazama, akapiga kofi.

"Ee! Msichana mkubwa namna hiyo bado anabebwa mgongoni?"

Abeke akasimama. Akamgeukia polepole, ili mzigo usitikisike.

"Nambeba mama yangu," akasema. "Wewe unawashwa wapi?"